Nimestaafu upimaji ardhi na ninataka kuandika riwaya ya kihistoria kuhusu Mradi wa Karanga wa Nachingwea: nianzie wapi?

Mpima Mstaafu

Ndugu waandishi na wasomaji, nawasalimu nyote.

Nimestaafu utumishi wa umma kwa mujibu wa sheria baada ya kutimiza miaka 60, na sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nilikuwa mpima ardhi katika mikoa ya Lindi na Mtwara. Katika kupima mashamba na viwanja kule Nachingwea nilikuwa nikikutana mara kwa mara na mabaki ya Mradi wa Karanga, ule ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947 na kuutelekeza mwanzoni mwa mwaka 1951: tuta la reli linalopita katikati ya mikorosho bila reli juu yake, misingi ya majengo iliyofunikwa na majani, na mawe ya mipaka yenye namba ambazo hazimo katika ramani tunazotumia leo. Tulipokuwa tukisubiri jua lipungue makali, wazee wa vijijini walinieleza jinsi katapila mbili zilivyokuwa zikiburuta mnyororo mnene kati yao na kuulaza msitu, na jinsi watu walivyotoka mbali kuja kuyatazama maajabu hayo.

Mambo hayo nimekuwa nikiyaandika katika madaftari kwa miaka mingi, na sasa muda wa kuyafanyia kazi ninao. Ninachotaka kuandika ni riwaya, si kitabu cha historia, kwa sababu vitabu vya historia nilivyosoma vinaeleza habari za mawaziri wa London na mamilioni ya pauni yaliyopotea, lakini havinielezi yule kijana wa Kimwera aliyeajiriwa kufyeka mkuza (njia nyembamba ya kupitishia mstari wa kupimia) alifikiri nini siku alipoona bikoni, yaani alama ya mpaka, imesimikwa katikati ya shamba la babu yake.

Tatizo langu ni kwamba kila ninapoandika, kinachotoka ni taarifa ya kazi. Sura ya kwanza inaanza hivi: “Mnamo mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, ikikabiliwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, iliamua kulima karanga katika eneo la zaidi ya ekari milioni 3 katika nchi za Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini.” Kila neno hapo ni kweli na nimelihakiki, lakini nikilisoma kwa sauti silisikii kama mwanzo wa riwaya. Naomba mnieleze mtu aliyezoea kuandika ripoti afanye nini ili aandike hadithi, ana ruhusa ya kubuni kwa kiasi gani pale ambapo tukio ni la kweli, na kama ni busara kutumia sehemu ya kiinua mgongo kulipia uchapishaji.

Mhariri wa Riwaya

Shikamoo mzee wangu, na hongera kwa kustaafu salama.

Ninahariri miswada ya riwaya, na ya kihistoria huniletewa zaidi na watu waliostaafu ualimu, uhasibu, utabibu na jeshi. Karibu yote ina ugonjwa uleule unaoueleza, na chanzo chake ni kwamba mwandishi anajua mengi na anaona dhambi kuacha jambo lolote nje. Aya yako ya kwanza haina kosa lolote, ila haina mtu. Hakuna macho yanayotazama, hakuna anayetaka kitu, hakuna anayeogopa. Msomaji anapewa uamuzi uliofanyika London kabla hajaambiwa ni nani ataumizwa na uamuzi huo.

Sasa usome tena ujumbe wako mwenyewe. Hadithi umekwisha kuitaja bila kukusudia: kijana anayefyeka mkuza, na bikoni katika shamba la babu yake. Mpe kijana huyo jambo moja analolitaka kwa moyo wote. Labda ana mchumba, na wazee wa upande wa pili wamemtajia mahari ambayo kilimo cha mtama hakiwezi kuilipa kwa msimu mmoja, kwa hiyo anakwenda kambini kuomba kazi ya kumshikia mpima mnyororo wa kupimia umbali. Mshahara unaomwezesha kuoa ndio unaomfanya ashiriki kwa mikono yake kuichora mistari itakayouondoa ukoo wake katika ardhi yake. Hapo hutahitaji kumweleza msomaji kwamba mradi ulikuwa na madhara, kwa kuwa kila siku ya malipo kijana atarudi nyumbani na fedha mfukoni, na babu yake hatamuuliza amezipataje.

Kuanzia hapo jiwekee sharti gumu, kwamba riwaya ijue tu yale ambayo kijana huyu angeweza kuyajua. Hajasoma mpango wa serikali, wala hajui kwamba Waingereza wanakula mafuta kwa mgao. Anachojua ni kwamba malori yanapita usiku na mchana, kwamba Mhindi mwenye duka amepandisha bei ya kaniki, kwamba Mzungu mmoja anakohoa sana na mwingine ana huruma, na kwamba watu wanasema reli inakuja. Ukifanya hivyo, zile ekari milioni 3 zitabaki katika daftari lako, nawe usizionee uchungu, maana kwa sababu unazijua hutaandika upuuzi kuhusu ukubwa wa kambi.

Kuhusu kubuni, mimi huwashauri waandishi wayaheshimu mambo yaliyoandikwa katika kumbukumbu na kubuni kwa uhuru yale ambayo hakuna aliyeyaandika. Mwaka mradi ulioanza, mahali ulipokuwa na jinsi ulivyokwisha visiguswe. Mazungumzo ya jikoni, ndoto, wivu, ugomvi wa ndugu wawili na siri ya babu ni mali yako kabisa. Viongozi wa kweli wa serikali na wa mradi uwaweke mbali, wawe majina yanayosikika kwa wengine tu, na maofisa wanaozungumza na kijana wako uwabuni wewe. Ukimweka ofisa wa kweli ndani ya hema na kumtia maneno mdomoni, utatumia nguvu nyingi kumlinda dhidi ya uongo badala ya kumwandika. Mwishoni mwa kitabu weka ukurasa mmoja unaomweleza msomaji kipi ni kweli na kipi umekibuni, kwa kuwa wapo watakaoisoma riwaya yako kama ushahidi.

Muuguzi wa Tanga

Shikamoo kaka mkubwa. Mimi nilistaafu uuguzi, na baada ya hapo nikaandika riwaya inayohusu kambi za manamba, yaani vibarua wa mkataba, katika mashamba ya mkonge, kwa hiyo njia unayotaka kuipita ninaifahamu.

Ninakubaliana na ndugu Mhariri kwa mengi, lakini ningekuomba usiharakishe kuunda msuko wa matukio kabla hujarudi kwa wazee. Aliyekuwa na miaka 17 mwaka 1947 alizaliwa mwaka 1930, kwa hiyo waliobaki ni wachache mno na wamechoka, ilhali nyaraka zitakusubiri. Nenda kwao sasa, tena usiwaulize “mradi ulikuwaje”, maana ukiuliza hivyo utapewa jibu ambalo limekwisha kusemwa mbele ya wageni wengi. Waulize mambo madogo. Uji ulipikwa katika chombo gani? Nani alikata nywele kambini, na alilipwa nini? Mtu akiumwa na nyoka mkuzani alibebwa na nani, na kwa kitu gani? Katika mazungumzo yangu, bibi mmoja ambaye kwa muda mrefu alikuwa akijibu kwa neno moja moja alinyanyuka alipoulizwa kuhusu sabuni, akanionyesha kwa mikono jinsi walivyokuwa wakikata mche vipande kwa uzi na kugawana wanawake wanne. Sura nzima ya kitabu changu ilitoka katika uzi ule. Omba ridhaa yao kabla ya kuwarekodi kwa simu, na uwaambie wazi kwamba unaandika hadithi ya kubuni na kwamba majina yao hayatatumika.

Pia nakuomba usiwasahau wanawake. Kijana wako anakwenda kambini, lakini nani anabaki kupalilia shamba? Kambi yenye wanaume maelfu inahitaji watu wa kupika, kufua na kuuza vitumbua, na penye mshahara wa kila mwezi pombe nayo hufuata. Mchumba wake asikae katika riwaya akisubiri mahari tu. Huenda yeye ndiye atakayeona mapema kuliko wote kwamba kambi haitadumu, kwa sababu anauza chakula na anaona wateja wanavyopungua.

Kuhusu ratiba, mimi huandika baada ya sala ya alfajiri hadi nyumba inapoamka. Mstaafu katika jamii zetu anaonekana kuwa mtu asiye na kazi, kwa hiyo atatumwa harusi, msiba, kikao cha shule na usuluhishi wa mashemeji. Sikukataa mambo hayo, maana ndiyo maisha yenyewe, lakini niliwaeleza wanangu na wadogo zangu kwamba kabla ya saa tatu asubuhi nipo kazini kama nilivyokuwa wodini, na baada ya muda walizoea.

Kiinua mgongo chako usikiguse, kaka. Fedha hiyo ni ya matibabu na ya paa la nyumba. Nimeona mstaafu mwenzetu akilipia nakala nyingi kwa mkupuo mmoja kwa mchapaji ambaye hakuwa na mpango wowote wa kuziuza, na maboksi yakabaki chumbani mwa watoto. Mchapishaji wa kweli hulipia yeye gharama za uhariri na uchapaji, kisha humlipa mwandishi mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya mauzo. Isitoshe, yapo mashindano yanayopokea miswada ambayo haijachapishwa. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, hushindanisha riwaya, na Tuzo ya Safal ya Fasihi ya Kiswahili hupokea miswada kutoka popote Kiswahili kinapoandikwa. Masharti hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo soma tangazo lenyewe.

Nikuongezee jambo moja kuhusu umri. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha mswada wa riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata mchapishaji, na akiwa mzee akaitafsiri yote kwa Kiswahili kwa mkono wake mwenyewe. Ilitoka Dar es Salaam mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Ninapoona uvivu wa kurudia sura iliyoharibika humkumbuka mzee yule akiandika upya kitabu kizima katika lugha nyingine.

Mtafiti wa Nyaraka

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni kijana wa historia, na nitajibu upande wa vyanzo pamoja na mitego ya wakati, maana wasomaji wa Kusini hawasamehe kosa la aina hiyo.

Anzia Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam. Yapo majalada ya utawala wa Kiingereza, na pia vile vitabu vya wilaya ambamo maofisa walikuwa wakiandika habari za machifu, mila, mvua na kesi za ardhi. Ulizia masharti ya kibali kabla ya kupanda basi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina mkusanyo maalumu wa machapisho ya Afrika Mashariki. Mijadala ya Bunge la Uingereza kuhusu karanga inasomeka bure katika intaneti, na humo utakuta wabunge wakihojiana juu ya matrekta mabovu na gharama kwa maneno makali, ingawa kijana wako hatayasikia. Kwa Kiswahili cha wakati ule, tafuta matoleo ya gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923. Barua za wasomaji zitakufundisha namna mtu aliyesoma darasa chache alivyomwandikia mhariri, alivyolalamika na alivyojisifu. Lugha hiyo ndiyo anayopaswa kuizungumza karani wa kambi yako, maana haiwezekani mtu wa mwaka 1948 aseme “changamoto” na “wadau”.

Kisha uwe mwangalifu na mambo ambayo sisi tunayaona ya kawaida. Katika miaka ya mradi hakukuwa na Mkoa wa Lindi, bali palikuwa na Jimbo la Kusini. Fedha ilikuwa shilingi ya Afrika Mashariki, 20 kwa pauni moja ya Kiingereza, na shilingi ya Tanzania haikuja hadi mwaka 1966. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951, kwa hiyo wafanyakazi wa mwaka 1949 wasikae kuizunguka redio wakiisikiliza. TANU ilizaliwa Julai 1954, hivyo hasira za wafanyakazi zitafute njia nyingine, na njia hiyo ilikuwapo: Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukaenea hadi miji mingine. Habari za mgomo huo zingeweza kabisa kufika Nachingwea kwa kinywa cha dereva wa lori.

Jambo jingine ambalo waandishi hulisahau ni kalenda ya dini. Ramadhani ya mwaka 1948 iliangukia Julai, ikaisha mwanzoni mwa Agosti, na huo kule Kusini ni wakati wa kiangazi. Wafanyakazi wengi wa pwani na wa Kiyao walikuwa Waislamu. Unaweza kuandika sura nzima kuhusu watu wanaofyeka mkuza wakiwa wamefunga, chini ya msimamizi asiyeelewa kwa nini kazi imepungua kasi baada ya adhuhuri.

Kuhusu mwisho wa riwaya, fikiria bandari ya Mtwara. Ilijengwa kwa ajili ya karanga, lakini ilikamilika mwaka 1954, wakati mradi wenyewe ulikuwa umekwisha kuachwa. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vikang'olewa, ndiyo maana wewe ulikuta tuta tupu. Kama kijana wako atakuwa hai wakati huo, ana sababu ya kusimama pale na kutazama. Miaka ya kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, hapo Nachingwea ningeiachia kitabu kingine kabisa, kwa sababu ni habari nzito na italimeza shamba la babu.

Mpima Mstaafu

Ndugu zangu, nimeyasoma majibu yenu kwa utulivu na ninawashukuru kwa dhati. Dada Muuguzi, ninakwenda Nachingwea kabla ya mvua, na orodha yangu ya maswali nimeibadilisha yote kwa kufuata ushauri wako. Fedha ya kiinua mgongo nimeiacha ilipo.

Ndugu Mhariri, nimejaribu kuiandika upya aya ya kwanza kwa sharti lako, nikitumia kazi ninayoijua. Naiweka hapa ili mnikosoe bila kunionea aibu:

“Mnyororo ulikuwa na pingili mia moja, na asubuhi ulikuwa baridi kama nyoka. Kijana alishika mpini wa mbele akatembea kuelekea bendera nyekundu, na kila ulipokazwa alichoma kijiti ardhini na kusema namba kwa sauti, kama alivyofundishwa. Mzungu alimkemea mara moja tu, mnyororo ulipolegea juu ya kichuguu. Kwenye kijiti cha saba alisita. Mbele yake palikuwa na mwembe aliokuwa akiupanda alipokuwa mtoto, na bendera ilikuwa upande wa pili wa mwembe. Aliona kwamba sasa dunia yote aliyoijua ilikuwa inabadilika na haitarudi kama ilivyokuwa.”

Ninajiuliza pia kama ni sawa kumtumia mpima Mzungu mwenye haki na mwenye subira. Nimefanya kazi na watu wa aina hiyo katika fani yangu, na sitaki kumfanya shetani ili tu msomaji ajue nani wa kumchukia.

Mhariri wa Riwaya

Mzee wangu, hii sasa ni riwaya. Kijiti cha saba na kichuguu ni vitu ambavyo mimi nisingeweza kuvibuni hata kwa mwaka mzima, na ndiyo sababu kitabu hiki kinapaswa kuandikwa na mpima. Ninashauri uondoe sentensi ya mwisho, kwa kuwa inasema kwa maneno makubwa yale ambayo mwembe na bendera vimekwisha kuyasema. Aya iishie “upande wa pili wa mwembe”, kisha sura iendelee na swali ambalo msomaji atakuwa nalo tayari, yaani kijana atasema namba ya nane au atanyamaza.

Mpima wako abaki mwenye haki na subira. Akiwa mtu mwema, kijana atampenda na kujifunza kazi kwake, na itakuwa vigumu zaidi kwake kuamua la kufanya siku mstari utakapofika kwenye makaburi ya ukoo. Nitumie sura tatu za kwanza ukishazikamilisha, ila kwanza nenda kwa wazee.